Siku Kata Nzima Iliposugua Meno

Soko huria lilipotufikia tambarare za Hanang, lilitangulia na soda. Zikafuata pipi, kisha biskuti za paketi, na mwisho kabisa, rafu zikiwa zimeshajaa, ukaja mswaki wa plastiki. Mwenye duka aliutundika nyuma ya mafuta ya kupaka, na kila Jumatatu alikuwa akiupangusa vumbi kwa upole, kama mtu anayemtunza mgonjwa asiye na ndugu.

Mimi ndiye niliyepaswa kuuondoa mswaki ule dukani. Nilikuwa tabibu msaidizi wa kinywa na meno katika kituo cha afya upande wa Balangdalalu, nikitokea milima ya Mbulu ambako kwetu tulilima mahindi na kufuga ng'ombe wachache nyuma ya nyumba. Nilikuwa na taya kubwa la plasta, lenye meno meupe kuliko ya mtu yeyote niliyewahi kumtibu. Nilizunguka nalo shuleni, kliniki ya watoto na mikutano ya kijiji, nikieleza kwa utaratibu kwamba jino halifi kwa uchawi wala kwa uzee. Linashambuliwa na ukoga, yaani ule utando laini unaouhisi kwa ulimi asubuhi, ambao ni mji mzima wa bakteria. Usipoondolewa unakuwa mgumu kama saruji, na huo tunauita ugaga. Watu walinisikiliza vizuri, wakanishukuru, wakanipa maziwa, wakarudi nyumbani kuendelea kama zamani.

Jambo moja lilinichosha kulieleza kuliko mengine. Wengi wetu huku tuna meno ya rangi ya chai. Si uchafu. Ni madini ya floridi yaliyomo katika maji ya visima vyetu, yanayoingia kwenye jino wakati mtoto bado anakua. Ukishakuwa mkubwa hata usugue hadi mkono uchoke, rangi ile haitoki, kwa sababu imo ndani. Nililisema hilo kila mahali, na kila mahali mtu mmoja alibaki nyuma kuniuliza dawa ya kuitoa.

Asubuhi moja alinijia mzee mfugaji kutoka Dirma. Alikuwa mrefu, shuka begani, fimbo mkononi, na alikaa kwenye benchi kwa namna iliyofanya benchi lionekane la kwake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti yangu. Yule mtu wa koleo anarudi lini?"

Aliyekuwa akimuulizia ni daktari wa meno wa wilaya, aliyetutembelea mara moja kwa mwezi. Alikuwa mtu mwema mwenye haraka, na kwa ugonjwa wowote wa jino alikuwa na jibu moja, la chuma. Mwezi uliopita alikuwa ameyatikisa kwa kidole meno manne ya mbele ya juu ya mzee huyu, akaandika kwenye daftari lake kwamba yote manne yang'olewe safari ijayo, akaita mgonjwa mwingine.

"Baada ya wiki tatu, mzee," nilimjibu.

"Basi nina wiki tatu. Sikia. Ya chini mawili nilitolewa nikiwa mdogo, kwa desturi yetu, na sikulia. Yale niliyatoa kwa hiari yangu. Haya ya juu sijamwahidi mtu."

Nilicheka, naye akacheka, ndipo nikayaona vizuri. Fizi zilikuwa zimevimba na kuwa nyekundu, na nyuma ya meno kulikuwa na ugaga mnene wa miaka mingi. Yalilegea, ndiyo, lakini yalikuwa mazima, hayakuwa na hata tundu moja. Nikamweleza kama ninavyokueleza wewe: jino hushikwa na fizi na mfupa, na kuna bakteria wa aina fulani wanaojificha chini ya ufizi, mahali ambapo mswaki haufiki, wakiula ule mshiko polepole. Wakiwahiwa, mtu akakwanguliwa ugaga hadi chini na kupewa dawa, fizi huweza kushika tena.

"Basi nikwangue."

"Sina vifaa, mzee. Na daktari akiniuliza kwa nini nimeyaacha, nitahitaji kumwonyesha kitu. Kwa sasa nina maneno tu."

"Na mimi kazi yangu ni maneno," alisema. "Nakaa kwenye mabaraza ya wazee. Mtu akiongea upepo tupu, kesi yake imekwisha. Nisaidie."

Nilimwambia ukweli, kwamba sijui kama nitaweza, lakini nitajaribu. Aliondoka akinipa mkono kama mtu aliyeshakubaliana nami jambo.

Siku chache baadaye ukatujia mradi. Wakati huo mkoa wetu wa Manyara ulikuwa mpya, umemegwa kutoka Arusha, na miradi ilikuwa ikiujia kama ndugu wanavyomjia mtu aliyehamia nyumba kubwa. Huu ulikuwa wa utafiti wa bakteria wa kinywa, na mkuu wake alikuwa profesa kutoka Dar es Salaam, mpole, mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kwenye paji. Alinitembelea kituoni kabla ya wengine, nikamuuliza kila kitu nilichoweza kumuuliza.

Alichokuja nacho kinaitwa kingamwili za ukoo mmoja, na nitakieleza polepole kwa sababu ni kitu kizuri. Mwili wako unapoingiliwa na mdudu, unatengeneza kingamwili, yaani chembe ndogo za kumkamata. Kwa kawaida zinakuwa mchanganyiko, kila moja ikimshika mdudu mahali pake, na nyingine hukosea zikamshika jirani yake. Wataalamu wakamchukua panya wa maabara, wakamchoma vipande vya bakteria mmoja wa kinywa, wakatafuta ndani yake seli moja tu inayotengeneza kingamwili inayomjua bakteria yule na si mwingine. Seli ile wakaiunganisha na seli ya saratani, ambayo haichoki kuzaliana. Ikazaa watoto na wajukuu wasiohesabika, wote wakitengeneza kingamwili ileile. Kisha wanaifunga na rangi inayong'aa. Ukiweka ukoga wa mtu kwenye kioo na kudondoshea kingamwili hizo, zinamshika mdudu wao tu, na zisizoshika kitu zinaoshwa na kwenda zake. Chini ya hadubini yenye mwanga maalumu, ukiona kijani, yupo.

Nilipomrudia mzee wa Dirma, nilimweleza kwa ng'ombe. Nikamwambia, fikiria mnadani, ng'ombe elfu wamechanganyika, na una mchungaji anayemjua ng'ombe mmoja tu duniani. Wengine wote kwake ni vumbi. Ukimwachia aingie, atasimama pale ng'ombe wake alipo.

"Na mchungaji huyo ametoka kwa panya?"

"Ametoka kwa panya, mzee."

"Panya huyo amewahi kufika Dirma?"

"Hapana."

"Lakini anakijua kinywa changu kuliko mtu wa koleo." Alitikisa kichwa. "Haya. Tuendelee."

Tuliendelea kwa sababu profesa aliahidi jambo moja. Kila mshiriki atakayeonekana na bakteria wa fizi, timu yake ingemkwangua na kumpa dawa papo hapo, maana walikuja na daktari wao na vifaa kamili. Kwa hiyo njia ya mzee ilikuwa wazi: achukuliwe ukoga, ung'ae kijani, asafishwe, na mtu wa koleo akija akute fizi zimeanza kushika. Nilimwandikia jina lake kwenye orodha mimi mwenyewe, halafu nikaitwa semina Katesh kwa siku nne. Semina ilihusu ushirikishwaji wa jamii.

Nikiwa semina, barua ya mradi ilimfikia mtendaji wa kata. Nilikuja kuisoma baadaye, na haikuwa na kosa. Ilisema timu ya wataalamu itafika kuchunguza ukoga wa meno ya wananchi, na ikamwomba awaandae wananchi kwa zoezi hilo.

Mtendaji wetu alikuwa mtu wa bidii, ambaye tangu mkoa upatikane alikuwa akingoja wakubwa wa mkoa kule Babati wamsikie. Na lazima nimtetee kidogo, kwa sababu alifanya jambo ambalo sote tungefanya. Huku kwetu mgeni wa juu akija kukagua vyoo, wiki moja kabla tunachimba vyoo. Akija kukagua shule, tunapaka chokaa mawe ya njiani. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba yupo mgeni anayetaka kuyaona mambo yalivyo. Mtendaji akaita mkutano, akatangaza kwamba wakaguzi wa meno wanakuja, na kwamba mwananchi yeyote atakayekutwa na ukoga atachimba choo cha ofisi ya kata, chini ya usimamizi wa mgambo.

Miaka yangu yote na taya la plasta haikuwahi kufanya yaliyofanywa na tangazo lile kwa siku nne. Mswaki wa plastiki ulitoka dukani. Wasioupata walikata vijiti vya mswaki hadi miti ya karibu ikabaki na vichwa vitupu. Walisugua kwa majivu, kwa chumvi, kwa mkaa uliosagwa. Wenye meno ya rangi ya chai, ambao nimekwambia rangi yao haitoki, walisugua kwa mchanga. Niliporudi jioni ya kuamkia siku ya zoezi, dereva wa gari lililonileta alinisalimia akiwa ameziba mdomo kwa kitambaa, maana midomo ilikuwa imechubuka.

Asubuhi tulikusanyika shuleni, upande wa kuelekea Hirbadaw. Foleni ilikuwa ndefu na ya heshima kuliko foleni yoyote niliyowahi kuiona. Mtendaji alikuwa ameshapita mara mbili akikagua mwenyewe, mikono nyuma.

Profesa alimkalisha mama wa kwanza, akapitisha kijiko chake kidogo kwenye meno, akakitazama. Akabadilisha miwani, akakitazama tena.

"Nesi," aliniita, ingawa sikuwa nesi, "huyu hana kitu."

Alimjaribu wa pili, wa tatu, wa kumi. Mzee mmoja alipanua kinywa kwa fahari, kikanuka majivu mapya. Mtendaji akasogea.

"Profesa, nadhani umeridhika."

"Mtendaji, mimi natafuta ukoga."

"Hutaupata hapa," alisema mtendaji kwa furaha nyingi. "Kata nzima. Tafuta."

Profesa alikaa chini kwenye kiti cha mwanafunzi. Alikuwa amesafiri siku mbili, na jenereta, na hadubini, na sanduku la barafu lenye kingamwili za panya, ili akute kata safi kuliko zote Tanzania. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama ningeweza kuwaomba watu wasipige mswaki kwa siku tatu. Nikamwambia nimetumia ujana wangu kuwaomba kinyume chake, na kwamba nikisimama sasa kusema hivyo sitaaminiwa tena hata nikisema jua linawaka. Hata hivyo magari yao yalikuwa na ratiba. Walikuwa na siku ile tu na nusu ya kesho.

Wakaendelea na fomu, maana fomu ni lazima zijazwe. Ndipo foleni ikamfikisha mzee wa Dirma. Naye alikuwa amesugua. Nilimtazama kwa uchungu, akanitazama kwa aibu kidogo.

"Siwezi kuchimba choo cha mtendaji, binti yangu," alininong'oneza. "Umri wangu huu."

Msaidizi wa profesa alisoma fomu: sampuli ichukuliwe uso wa mbele wa jino la mbele la chini. Akachungulia. Hakukuwa na jino la mbele la chini. Akaandika, huku akitamka kwa sauti, "Meno yamepotea kwa ugonjwa. Hafai. Anayefuata."

"Samahani," nilisema. "Hayakupotea kwa ugonjwa. Alitolewa utotoni, kwa desturi. Ukitazama foleni hiyo, wazee wengi wa tambarare watakuwa hivyo."

"Fomu ina nafasi mbili tu. Lipo, au limepotea kwa ugonjwa."

"Kwa hiyo mkirudi mtasema huku watu wote wanaugua pamoja, jino lilelile, upande uleule?"

Msaidizi aliitazama foleni, akaitazama fomu, na nilimwona anaanza kuielewa hesabu ile vibaya, kana kwamba kweli amegundua ugonjwa mpya. Mzee hakusogea kwenye kiti.

"Amesemaje huyu?" aliniuliza.

"Amesema hufai, mzee."

"Mimi?" Alimgeukia profesa. "Nimetoka Dirma kwa miguu. Nimefaa kuoa, nimefaa kuamua kesi za watu. Leo sifai kuwa mchafu?"

Watu wa karibu walicheka, na profesa pia, ingawa kwa uchovu. Nikaona hapo ndipo pa kusema, la sivyo nisiseme tena. Nikapiga magoti karibu na kiti cha mzee, si kwa kuomba, bali kwa sababu ndipo unapoweza kuonyesha kinywa cha mtu. Nikamwambia, profesa, majivu husafisha kinachoonekana. Bakteria wako wa fizi hawakai panapoonekana. Vuta ufizi wa juu kidogo, hapa palipovimba, uingize kijiti chembamba cha karatasi kwenye mfuko ulio kati ya jino na ufizi. Huko hakuna mchanga wala mkaa uliofika.

"Hilo nalijua," alisema, bila hasira. "Lakini siyo utaratibu ulioidhinishwa. Nikichukua hapo, sampuli haiingii kwenye fomu."

"Basi ichukue kama mfano wa kutufundisha sisi wa vituoni. Mfano hauhitaji fomu."

Alifikiri. Kisha akashusha miwani ya kwenye paji, akavuta ufizi, akaingiza kijiti cha karatasi, akakitoa kimelowa na chenye damu kidogo. Mzee hakufumba hata jicho.

Darasa la nne lilikuwa limezibwa madirisha kwa mablanketi. Tulipaka ile sampuli kwenye kioo, ikakauka, tukadondoshea kingamwili, tukasubiri, tukaosha. Jenereta ilinguruma nje. Profesa aliinama kwenye hadubini, akatazama muda mrefu kiasi kwamba mtendaji, aliyekuwa mlangoni, akaanza kukohoa.

"Njoo utazame, nesi."

Nilitazama. Gizani kulikuwa na kijani, vidoadoa vingi vifupi, vimesongamana. Baada ya miaka ya kuwaeleza watu mji nisiowahi kuuona, niliuona. Nikampisha mzee. Alifunga jicho lisilo sahihi kwanza, nikamsaidia.

"Hao wote ni wangu?"

"Wako wote, mzee."

"Wameshiba," alisema. Akatazama tena. "Na huyu mtoto wa panya amewakamata wote bila kelele."

Mtendaji aliomba naye aone. Aliona, akanyooka, akasema kwamba mzee huyu anatoka kata ya jirani.

Nilidhani kazi imekwisha, lakini msaidizi alikumbusha, na kwa haki yake, kwamba matibabu ni ya washiriki waliosajiliwa, na mfano si mshiriki. Profesa alivua miwani yote miwili. Kile kioo kilikuwa kitu pekee cha maana alichopata siku nzima. Alimwomba mzee kwa adabu amruhusu achukue sampuli nyingine tatu, za kupeleka Dar es Salaam.

Mzee alikuwa amekaa minadani tangu ujana. Alimtazama profesa kama anavyotazamwa mnunuzi ambaye ameshamshika ng'ombe mkia.

"Wewe unataka ukoga," alisema. "Mimi nataka meno. Chukua wako, uniachie yangu."

"Mzee, sheria ya mradi..."

"Iandike upya. Wino mnao."

Profesa alicheka kweli sasa. Akachukua kalamu, akachora kisanduku cha tatu pembeni mwa fomu kwa mkono wake, akaandika mbele yake: limetolewa kwa desturi, sampuli imechukuliwa chini ya ufizi wa juu. Akaweka sahihi. Siku ile na nusu ya kesho wakawaita tena wazee waliokuwa wamekataliwa, na kijiti cha karatasi kikafanya kazi ambayo kijiko kilishindwa. Mzee wa Dirma alikuwa wa kwanza kukwanguliwa. Ugaga ulitoka vipande vipande, ukilia kwenye bakuli la chuma, naye kila kipande alikichungulia kama mtu anayehakikisha hajaibiwa. Wakampa dawa. Mimi nikamfundisha kusafisha upya, safari hii bila majivu, kwa kijiti laini, kuanzia kwenye ufizi kwenda chini.

Baadaye tulisikia kwamba kata yetu ilisifiwa Babati kwa usafi wa kinywa, na mtendaji alipewa cheti. Alikitundika ofisini. Choo cha ofisi hakikuwahi kuchimbwa, kwa kuwa hakupatikana mkosaji.

Daktari wa wilaya alikuja siku yake. Nilikuwa nimeweka mezani nakala ya fomu yenye kisanduku cha mkono na maelezo ya profesa, na mzee alikuwa kwenye kiti kabla ya mtu yeyote. Daktari alisoma akiwa amesimama. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alivuta kiti, akakaa. Aligusa jino la kwanza kwa kibano, la pili, la tatu. Lile la nne, la kulia, lilicheza bado.

"Hili limechelewa," alisema. "Mzizi wake umebaki hewani. Hili naling'oa. Haya matatu yanaweza kukaa."

Mzee alinitazama, si daktari. Nilikuwa nimejizoesha kusema ukweli mbele yake, kwa hiyo sikutafuta maneno matamu.

"Ni kweli, mzee. Hilo limechelewa."

Alifikiri kidogo, akapanua kinywa. Daktari alichoma ganzi, akangoja iingie, akaling'oa kwa mvuto mmoja. Kisha akachukua daftari lake, akapiga mstari juu ya neno nne, na akaandika moja. Mzee aliuma pamba, akainuka, akachukua fimbo yake. Mlangoni aligeuka, akasema kwa mdomo uliokufa ganzi, nikalazimika kusogea karibu ili nimsikie.

"Leo nipige mswaki?"

"Hapo palipong'olewa paache hadi kesho," nilimwambia. "Hayo matatu, leo jioni. Taratibu."